Tisa Mahali pa Moja

Nyumbani kwa mama yako,
Chumba cha uani,
S.L.P. 417.

Jumatatu, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu Sindano,

Hujambo, mwanangu? Mumeo fundi saa hajambo, na Chiriku wenu anaendeleaje na masomo? Natumaini kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona, na kwamba ulifuata ushauri wa mama yako wa kuvaa soksi mbili mbili, ingawa nakujua, hukuufuata.

Mimi ni mzima kwa kiasi cha mzee mwenye moyo uliochoka. Miguu imevimba, na nikitoka kitandani kwenda dirishani pumzi inanikatikia njiani. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi kliniki; anasema nimwite nikimhitaji. Nimefundisha miaka thelathini na minane, namjua mtu anayekwepa swali. Basi naandika aya moja baada ya uji, nyingine baada ya kupumzika. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ni pumzi hiyo.

Mama yako hajambo. Amepaka rangi ukuta wa jikoni mwenyewe na hataki kuambiwa kwamba upande mmoja umebaki na mabaka.

Chuoni nako kuna mapya. Mkuu wa chuo siku hizi ni yule mwanafunzi wako uliyempa jina la Kobe, kwa jinsi alivyokuwa akiitafuta kila herufi ya kompyuta kwa kidole kimoja. Sasa anatumia vidole viwili. Majuma mawili yaliyopita alikuja hapa na kishikwambi kwapani kunionyesha rasimu ya mpango wa teknolojia wa chuo wa miaka mitano.

Mambo yamekimbia, mpwa wangu. Wanataka kila mwanachuo awe na kishikwambi chake. Wanataka maktaba yote iwe mtandaoni, na mitihani ifanywe kwenye kompyuta. Wanataka akili unde iwasaidie walimu kusahihisha mazoezi, wakati huohuo wanalalamika kwamba akili unde hiyohiyo ndiyo inayowaandikia wanachuo mazoezi yenyewe. Nilimwuliza Kobe, je, hapo mwalimu na mwanafunzi si wangekwenda tu kunywa chai, mashine zikamalizana zenyewe? Alicheka, kisha akasema swali hilo limeshaulizwa kikaoni na halikupata jibu.

Nilimsikiliza kwa furaha mpaka alipofika ukurasa wa nne. Palikuwa na kichwa cha habari, "Funzo la zamani", na chini yake maneno haya: kwamba miaka kumi na tisa iliyopita chuo kililetewa vifaa visivyohitajika kwa sababu mwalimu wa kompyuta wa wakati huo alikosea kupanga vipaumbele, na kwamba kosa hilo lisirudiwe. Jina lako halikutajwa. Lakini mwalimu wa kompyuta wakati huo alikuwa mmoja tu.

"Nimeyakuta kwenye faili, Mwalimu," Kobe alisema. "Naomba unithibitishie tu."

Sindano, kosa lile halikuwa lako. Lilikuwa langu. Nimejua hivyo tangu siku vifaa viliposhushwa, nami nikakuacha ulibebe.

Nakueleza lilivyokuwa. Rasimu uliyoniletea ilikuwa sahihi. Uliandika kwamba kwanza yaje mabetri ya kuhifadhi umeme, pili mafunzo ya walimu, tatu fundi wa kudumu, na kadhalika, mpaka nane mbao za kielektroniki na tisa ile miwani inayomwonyesha mtu vitu visivyokuwepo. Ukaniachia rasimu nijaze fomu ya wizara kwa mkono wangu, maana sahihi ilitakiwa iwe ya mkuu wa chuo, na mkuu nilikuwa mimi.

Niliona jedwali, nikaona mapengo tisa ya kujaza namba. Mwalimu ni mwalimu: nikatoa maksi. Mabetri nikayapa tisa, mafunzo nane, fundi saba. Miwani ikapata moja, nikajisemea kwamba hata hiyo moja nimeihurumia. Juu ya jedwali palikuwa na mstari unaosema tuanze na moja kwa hitaji la kwanza. Sikuusoma. Mimi, ambaye wanachuo walinipa jina la Bwana Maagizo kwa kuwaambia kabla ya kila mtihani, "Soma maagizo kwanza."

Unakumbuka yaliyokuja. Miwani arobaini ndani ya maboksi yenye sponji, na mbao kumi na mbili za kielektroniki, kwenye jengo ambalo umeme ulikatika siku tatu kwa juma. Mwalimu wa hesabu akabandika ratiba ya vipindi kwenye ubao wake. Betri hata moja haikuja.

Siku ile nilijifungia ofisini nikatoa nakala ya fomu, na kosa nikaliona mara moja. Ulipobisha hodi ukauliza kumetokea nini, jibu nilikuwa nimelishika mkononi. Nikaliweka kwenye droo, nikakuambia, "Inaelekea kwenye rasimu yako namba zilikaa kinyume." Ukaomba uione. Nikasema ilikwenda wizarani pamoja na fomu. Ilikuwa kwenye droo ileile, inchi chache kutoka goti langu.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu na wakaguzi walikuwa njiani. Nilitaka kuaga nikiwa msafi. Sina sababu nyingine, na hiyo si sababu.

Uliniamini mimi kuliko ulivyoyaamini macho yako, kwa kuwa nilikuwa mjomba wako na ndiye niliyekufundisha kusoma. Ukasimama kwenye kikao mbele ya walimu thelathini na wawili ukaomba radhi. Nyuma yako mtu mmoja akasema, "Leo sindano imemchoma mshonaji," na watu wakacheka. Nami nilipopewa nafasi nikasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Walinisifu kwa moyo wangu mkubwa. Muhula ulipokwisha ukaacha kazi.

Ningeweza kufa na jambo hili, sikufichi. Nilikwisha kujizoesha. Kilichonivunja ni barua uliyomwandikia mama yako mwezi wa kwanza, akanisomea huku anacheka. Ulisema huko ugenini, kwenye ghala unakofanya kazi, wenzako wanakutania kwa sababu kila namba ya boksi unaikagua mara tatu kabla ya kuipitisha. Mama yako aliona ni bidii. Mimi nilijua nani aliyekutia woga huo.

Kwa hiyo Kobe aliponiomba nithibitishe, nilimwambia si kweli.

"Si kweli kivipi, Mwalimu?"

"Aliyeandika namba zile ni mimi."

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Una homa?"

Nikamtuma chini ya kitanda, kwenye sanduku la bati. Akatoa rasimu yako na nakala ya fomu, akaziweka sambamba magotini. Alisoma kwa kidole, polepole, kama zamani. Kidole kikafika chini, kwenye sahihi yangu.

Kisha akasema jambo ambalo nataka ulijue. Alisema amekaa na kamati miezi mitano wakibishana kipi kitangulie kati ya vishikwambi na akili unde, na kwamba mpangilio wako ungewaokoa muda huo wote: umeme kwanza, kisha mwalimu, kisha mtu wa kutengeneza, ndipo vitu vinavyong'aa. Ameunakili. Ukurasa wa nne umeandikwa upya, na sasa unasema kwamba aliyekosea ni mkuu wa chuo, na kwamba mwalimu wa kompyuta alipanga sawasawa.

Mama yako nilimwambia siku hiyohiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kikombe changu cha uji ambacho sikuwa nimekimaliza, akaondoka nacho. Kesho yake ndipo akarudi akasimama mlangoni. "Kaka, mwanangu ameinamisha kichwa miaka kumi na tisa kwa ajili yako, na wewe unalala kwangu?" Akaniwekea karatasi na kalamu mapajani. "Basi andika. Usipoandika nitaandika mimi, na ulimi wangu unaujua." Nimeanza kuandika mbele yake.

Lakini barua haitoshi, maana wewe hukuomba radhi kwa barua. Nimemwomba Kobe aite kikao. Kitakuwa Ijumaa ya tarehe 27, saa nne asubuhi ya huku, palepale katika chumba cha walimu. Kati ya wale thelathini na wawili, kumi na tisa wako hai na kumi na wanne wamesema watafika, pamoja na yule aliyesema maneno ya mshonaji. Daktari amenikataza kutoka. Mama yako amemjibu kwamba kiti cha magurudumu atakisukuma yeye.

Kobe atafungua kikao kwenye mtandao, na kiungo atakutumia kwa simu. Huna haja ya kuonyesha uso wala kusema kitu. Usije kwa sababu nakufa. Kufa si hoja, kila mtu atakufa. Na usinisamehe kwa haraka ili nipate usingizi. Ukiingia nitashukuru. Usipoingia, au ukikata katikati, nitaendelea kusema mpaka nimalize, kwa kuwa wale waliokusikia wewe siku ile wanapaswa kunisikia mimi.

Nisalimie fundi saa na Chiriku. Mama yako anakusalimu, na shangazi mshonaji, na mapacha wa mjomba wako mdogo, ambao wamekua hadi wananipita kimo. Mungu akupe afya na akurudishie imani ya macho yako, ambayo mimi niliichukua.

Wako akupendaye, na aliyechelewa kukuambia,

Mjomba wako.