Fundi Pumzi na Vazi Jekundu la Nadhiri

Mwaka umetimia, Baba, tangu tarehe 14 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, manyunyu yakianguka bila upepo, ulipotutoka. Ng'ambo ya barabara baragumu la hekalu lilikuwa likipulizwa kumwamsha Mama Mtukufu, mungu wetu wa kike. Ulilala yeye akiamka.

Juu ya meza yako ya kushonea ilibaki hariri nyekundu, imekatwa, haijaunganishwa. Hiyo ilikuwa nadhiri. Mama yetu alipolazwa hospitalini, madaktari wakitazama sakafu badala ya kututazama sisi, ulisimama kizingitini mwa hekalu ukatamka: akipona, Mama Mtukufu atavaa nyekundu siku ya sikukuu yake, vazi lililoshonwa kwa mkono wako. Alipona. Wewe ndiye hukuwahi kulimaliza.

Hekalu hilo lilikuwa uhai wako. Ulituhadithia jinsi babu yako na wahunzi wenzake walivyomleta Mama Mtukufu, sanamu yake imefungwa blanketi, wakamweka katika chumba cha bati nyuma ya ghala la mbao. Mvua ilipovuja, mwavuli ulikuwa mmoja. Ukawa wake, wao wakalowa wakiimba. Nguzo za mawe na lile kuba jeupe vilikuja baadaye. Ukifika kwenye mwavuli sauti yako ilishuka, nasi tulijikunyata kama watu waliokuwapo.

Ulimshonea maisha yako yote bila kumgusa, maana kuhani peke yake ndiye humgusa. Ulimpima kwa macho. Adhuhuri, milango ilipofungwa apate kupumzika, ulizima cherehani.

"Nyamazeni, Mama amelala."

Mama yetu alijibu kutoka jikoni: "Na huyu mama mwingine akilala, mbona cherehani haina adabu?"

Vazi lako la kwanza lilipwaya. Kuhani alikuita pembeni. "Fundi, umekosea kipimo. Kifuani pamezidi vidole viwili."

"Sikukosea. Na pumzi yake je?"

Waliosikia walicheka. Kuhani hakucheka, alimvisha Mama Mtukufu vazi lile lile, na tangu siku hiyo ukaitwa Fundi Pumzi.

Ulipokwisha kuondoka, mwenyekiti wa hekalu alikuja na huruma zake. "Nadhiri ya marehemu imesamehewa. Tutanunua la dukani."

"Aliyepona ni mimi," mama yetu alimwambia. "Unasamehe wewe kama nani?"

Mwanao mkubwa naye alishika neno kama ulivyomfunza, na kama shule ya bweni ilivyomkazia: nadhiri ilitaja mkono wako, na mkono mwingine ni hila. Binti yako, mshonaji wa sare za shule, alimtazama juu ya miwani.

"Kaka, na huu mkono nimeuokota wapi?"

Akaketi kwenye meza yako akaanza kuunganisha ile hariri. Kaka yake akaenda kumshikia taa.

Sikukuu ilipofika, ua ulijaa hadi barabarani. Kengele zililia, ubani ukapanda, pazia likavutwa. Kuhani aliinua taa ya mafuta kutoka miguuni, polepole, na wekundu ule ukawaka mkunjo baada ya mkunjo mpaka usoni. Hapo hariri ikatikisika kifuani. Huenda lilikuwa joto la taa. Hatubishani na mtu. Tunachojua ni kwamba kengele zilikoma bila kuamriwa, na wauza maua langoni wakaacha kutangaza bei. Mwenyekiti alivua viatu alivyokuwa amekwisha vivua: aliinama akapapasa miguu mitupu. Hakuna aliyemcheka. Sote tulikuwa tumesahau tulipo.

Kisha mama yetu akasogea kizingitini kwa miguu yake mwenyewe. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na jirani:

"Mume wangu alikuahidi vazi hili. Hili hapa."

"Limepokewa," kuhani akajibu.

Unakumbukwa na mkeo uliyemwombea, mwanao mkubwa, binti yako mshonaji na mumewe, dada yako mtunga maua, wajukuu wako, ambao adhuhuri hunyamaza bila kuambiwa, na waumini wote wa hekalu.

Maadamu tunaishi hutasahaulika, Baba. Nadhiri imelipwa. Hudaiwi.