Mtaliano Aliyeshukuru kwa Neno Posho

Babu yangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka mtaa wa Liverpool, hapa Sydney, Australia, sare ya kazi ikiwa bado mwilini. Huku natunza wazee. Wengine wananigombeza kama ulivyonigombeza wewe kwa chai yenye maziwa kidogo, nami nawapenda kwa hilo.

Unakumbuka hadithi yako ya vita vya Ethiopia? Mlivyowafuata Wataliano kwenye tope la kule kwenye maziwa ya kusini, hadi divisheni nzima ya askari wa miguu ikaweka bunduki chini. Ukapewa mateka uwalinde, wana njaa mbaya. Mmoja ulimmegea ugali wako, ukamfundisha kuuita posho, kama mlivyosema katika jeshi la Mwingereza. Yeye akadhani posho ni asante. Kila akishiba, anainamisha kichwa: "Posho, posho." Nawe hukumsahihisha, mtundu wewe.

Nilikuwa kidato cha pili, najiona msomi. Mbele ya wageni wako nikasema, "Babu, hizo ni story tu. Mzungu akuombe ugali? Kitabu cha history hakina hiyo."

"Kitabu kililala topeni na sisi?" uliuliza. Hadithi ile hukuisimulia tena. Ulifariki nikiwa huku; sikuja hata kukuzika, wala sikuwahi kukuomba radhi.

Wiki jana tulimpokea mzee wa Kitaliano, miaka tisini na kitu. Nilimlisha uji. Alipomaliza akainamisha kichwa. "Posho," akasema. Kijiko kikaniponyoka.

Sisemi ndiye yule mateka wako. Labda kosa lile waliambukizana kambini. Lakini ananieleza divisheni yao ilivyotembea na nyumbu kwenye mvua, viatu vikiozea miguuni, hadi akawa mateka Kenya. Walikwenda kule kuvamia, si kupanda mboga, Babu, na Waethiopia wana yao ya kusema. Ila njaa ile ilikuwa kweli, na mimi nilikuita mwongo mbele ya watu. Nisamehe.

Nilimwambia kwamba babu yangu alipigana upande wa pili. Sikujua atalipokeaje. Akaniuliza jina lako.

"Wanyonyi," nikasema.

"Vanyonyi." Akarudia mara tatu, amenishika mkono. Tangu ufe, sijamsikia mtu mwingine akilitaja jina lako katika nchi hii.

Lala vyema, mzee wangu.

Mjukuu wako mbishi