Kikopo Katikati ya Dawati

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo mkuu ametutoa ofisini kama watoto wa chekechea. Walimu wote! Chai bado ya moto mezani. "Njooni muone kitu." Nikadhani nyoka. Kumbe ni darasa la Gladness.

Mwalimu Gladness ana miezi sita tu hapa. Miaka ishirini na sita, mtu wa Kigongo. Yeye ana Darasa la Pili A, mimi Pili B. Kati yetu ukuta mmoja, nao haufiki juu, hivyo kila anachosema nakisikia. Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye shule hii. Hakuna aliyewahi kuacha chai yake kuja kuangalia darasa langu.

Na ni kitu gani hicho? Vikopo! Juu ya kila dawati, katikati kabisa, kikopo cheupe cha plastiki. Ndani penseli tatu, kifutio kimoja, kichongeo kimoja. Kimekazwa na mpira wa tairi la baiskeli ili kisidondoke. Chini ya dawati daftari za kusoma kushoto, za hesabu kulia. Basi. Ndicho hicho tu.

Mkuu, Mwalimu Machibya, kapiga picha saba. Mchana zimeshafika kwenye grupu la walimu la wasapu. Vikono vya makofi chungu nzima. Na mimi nikaweka kimoja — ningeonekanaje?

Gladness kasimama kando anachekacheka, anasema si kitu, jamani. Si kitu! Basi kama si kitu mbona tumeacha chai.

Jumanne, 15 Julai

Mwanangu Annet anasoma darasa la Gladness. Nilitaka mwenyewe asifundishwe na mama yake, watu wasiseme nampendelea.

Jioni naandaa mezani, namkuta kapanga vijiko vyote ndani ya kikombe, bakuli la chumvi katikati, sahani kwa ukubwa. Nikamwambia mama vizuri, nani kakufundisha? Akasema Mwalimu Gladness anasema kila kitu kina kwao.

Baba yake kacheka, kamsifu. Mimi nimekuwa nikimwambia huyu mtoto apange vitu tangu ana miaka mitatu!

Alhamisi, 17 Julai

Nimehesabu leo kwa saa ya ukutani. Dakika ishirini na mbili — ndizo zinazopotea darasani kwangu kabla mtoto hajaandika hata herufi a. Penseli nazitunza kwenye droo yangu. Asubuhi nagawa, mchana nakusanya. Watoto themanini na saba. Wanapanga foleni niwachongee kwa wembe. Kija analia, "Mwalimu, penseri yangu imechukuliwa." Kila siku Kija, kila siku penseli.

Na nyuma ya ukuta — kimya. Nikatoka kama naenda chooni, nikasimama dirishani kwake. Anasema "chongeni" na watoto wanachonga. Hakuna anayeinuka. Annet wangu yuko pale dawati la tatu, ananyoosha kichongeo kwa mwenzake bila hata kuangalia. Mtoto ambaye nyumbani hamgawii mtu hata maji!

Nilisimama muda mrefu.

Mchana mkuu katangaza. Tarehe thelathini kuna ugeni kutoka halmashauri. Wataangalia madarasa ya chini. Darasa la mfano ni Pili A, bila shaka. Akaniangalia: "Mwalimu Immaculata, wewe mtu mzima, utamsaidia mdogo wako kwenye maandalizi."

Nimsaidie!

Jumamosi, 19 Julai

Nimeshinda Mkuyuni natafuta makopo. Mama Paskazia wa duka la kona alikuwa na makopo matupu ya maziwa ya unga, kanipa yote, na vichongeo nikanunua kwake. Nimeyaosha, nimeyapaka rangi ya bluu. Yangu ni ya bati, yanang'aa. Yake ya plastiki, tena yamechujuka.

Mume wangu Rwekaza kaniuliza, mama Annet, na wewe umeanza? Nikamjibu kwani aliyeanza ni nani, kopo ni mali ya mtu? Akarudia redio yake.

Annet akaja kuangalia. Akashika kopo, akaligeuza. Akasema, "Mama, haya yatapiga kelele." Nikamwambia aende akacheze.

Jumatatu, 21 Julai

Yamepiga kelele.

Bati juu ya mbao, makopo ishirini na tisa! Sikupata mpira wa baiskeli, nikadhani hauna maana. Kila mtoto akijitingisha kopo linashuka. Nililiweka mwisho wa dawati, kwa mtoto mkubwa zaidi, ili awaongoze wenzake. Weee. Huyo mkubwa ndiye akawa tajiri. Kalikumbatia. Kufikia saa nne ngumi zimerushwa madawati mawili, na Kija kakatwa kidole na mdomo wa bati.

Katikati ya vurugu hizo, mlangoni nani? "Shikamoo, dada Imma. Samahani, naomba nikuonyeshe kitu kidogo tu kuhusu—"

"Marahaba. Najua."

Nikarudisha mlango. Sikuubamiza. Ila niliurudisha akiwa bado anaongea.

Jumanne, 22 Julai

Nimeenda kwa mkuu. Nimemwomba Annet ahamie kwangu, Pili B. Nimesema kusoma kwake kumeshuka, nataka kumfuatilia kwa karibu. Uongo mtupu. Mtoto anasoma hadi maandishi ya kwenye mifuko ya saruji.

Mkuu kasema haya, wewe ndiye mama.

Nilimfuata mwenyewe baada ya mapumziko. Hakupiga kelele. Machozi tu yanashuka, anakusanya daftari zake, ya kusoma mkono huu, ya hesabu mkono ule. Gladness akamsindikiza hadi mlangoni kwangu, amemshika bega. Kaniambia nisijali, darasa ni jirani tu. Kisha akampa kikopo kimoja. Akasema vimebaki vingi nyumbani — ni vya mama yake. Mama yake alikuwa akiuza mtindi pale kivukoni Kigongo, kwa wasafiri wanaosubiri kuvuka kwenda Busisi. Sasa daraja limefunguliwa, magari yanapita moja kwa moja. Hasubiri mtu. Mama kabaki na vikopo, mnunuzi hana.

Alisema hivyo bila kulalamika. Nami nilitamani asingeniambia.

Jumatano, 23 Julai

Annet ananiita Mwalimu. Darasani sawa. Lakini leo mezani kasema, "Mwalimu, naomba chumvi."

Rwekaza kaacha kutafuna.

Ijumaa, 25 Julai

Sijui niandikeje.

Jana niliitwa ofisini kusaini karatasi. Nimerudi nakuta darasa kimya. Moyo ukashtuka — darasa langu kimya? Nikachungulia. Annet anapita dawati hadi dawati. Anahamisha makopo kutoka mwisho, anaweka katikati. Anasema kwa sauti ndogo: wa katikati ndiye mtunzaji, sio mkubwa. Jumatatu mnabadilishana, wa pembeni anakaa katikati. Akiwa katikati anafikia wote, na wote wanamwona. Toto la mkuu wetu Machibya, ambalo hata mimi halinisikilizi, linaitikia kwa kichwa!

Leo asubuhi nimekuta kila kopo limevalishwa mpira wa baiskeli. Nikamuuliza katoa wapi. "Baba."

Kwa hiyo baba na mtoto walikata mipira uani na mimi nipo jikoni, hakuna aliyeniambia.

Leo tumepoteza dakika nne tu. Nne! Watoto wameandika ukurasa mzima. Kija kaandika jina lake lote, hakulia hata mara moja. Nilitakiwa kufurahi. Nilifurahi. Lakini nilikuwa nasikiliza ukutani kama kule wanaenda vizuri kuliko sisi.

Jumatatu, 28 Julai

Gladness hayupo. Kaomba ruhusa ya siku mbili, mama yake anahamisha kibanda chake cha kivukoni, hana wa kumsaidia kubeba mabati.

Mkuu kapita madarasani na uso wa wasiwasi. Pili A wako na mwalimu wa michezo, vurugu tupu. Kaingia kwangu. Kasimama. Kaangalia makopo ya bluu yamejipanga mstari mmoja, penseli zimechongwa, daftari chini kushoto na kulia.

"Eh! Mwalimu Immaculata! Kumbe."

Keshokutwa wageni wataanza kwangu.

Nimeimba njia nzima kurudi nyumbani. Hata yule muuza sangara aliyezoea kunipunja nimemsalimia vizuri.

Jumatano, 30 Julai

Walikuja watatu. Kiongozi wao mama mmoja mnene, mpole, miwani shingoni. Gladness alikuwa amerudi asubuhi hiyo, alisimama nyuma na walimu wengine, viatu bado vina vumbi la safari.

Nikasema chukueni, wakachukua. Nikasema chongeni, wakachonga. Nikasema rudisheni — yule mama wa halmashauri akashika kifua. Anasema katembelea shule nyingi, lakini watoto wengi hivi bila hata kelele moja hajawahi kuona. Akainua kopo. Akauliza kwa nini liko katikati. Nikamweleza vizuri kabisa. Wa katikati anafikia wote, na wote wanamwona. Nikamweleza habari ya kubadilishana kila Jumatatu.

Akauliza, "Hili wazo ni la nani, mwalimu?"

Kulikuwa na nafasi. Naikumbuka hiyo nafasi. Ilikuwa ndefu vya kutosha kusema majina mawili.

Nikasema, "Langu."

Mkuu akaangalia sakafu. Wageni wakapiga makofi. Gladness naye akapiga. Sikumwangalia lakini nilimwona.

Kisha Annet akanyoosha mkono. Dawati la kwanza, mkono juu kabisa, kama nilivyomfundisha. Mama wa halmashauri akatabasamu: yule mtoto mzuri anataka kusema nini?

Nikawahi mimi. "Anaomba kwenda nje. Nenda, mama."

Hakuwa anaomba kwenda nje. Alishusha mkono, akaniangalia. Akatoka. Nilimwona dirishani kasimama uani peke yake, hakwenda chooni, hakwenda popote. Kasimama tu hadi wageni walipotoka.

Alhamisi, 31 Julai

Gladness kanisalimia. "Shikamoo, dada Imma." Vile vile, sauti ile ile. Ningependa angeniacha bila salamu, ningejua pa kushika.

Nilikaa karibu naye ofisini makusudi, nikamuuliza habari za mama. Kasema kibanda kimehamia stendi, biashara itaonekana mbele ya safari. Nikasema pole. Akasema asante. Akaendelea kusahihisha daftari. Mwandiko wake mzuri, hata tiki zake nzuri. Hata leo, hata baada ya hayo, niliangalia tiki zake nikaona wivu. Mimi ni mtu wa namna gani?

Mchana mkuu kaniita. Halmashauri wamepiga simu. Semina ya walimu wa madarasa ya chini, mwezi ujao wa nane, na mimi ndiye mtoa mada! Niandike ukurasa mmoja: wazo lilianzaje, linafanyaje kazi. Karatasi wanaitaka Jumatatu. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba Gladness ana mkono mzuri wa kuchora. Atakuja kwako Jumamosi akuchoree dawati.

Sijui kama mkuu ananisaidia au ananihukumu.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimeanza kuandika mara tano. "Wazo hili lilianza pale nilipogundua kwamba..." Nagundua nini? Nimechana zote.

Nimemwambia Rwekaza kila kitu, tukiwa tunamenya ndizi. Alimenya hadi ndizi zikaisha. Kisha akauliza kitu kimoja tu: mtoto alikuwa anataka kusema nini pale? Nikasema sijui. Akasema basi muulize.

Sijamuuliza.

Jumamosi, 2 Agosti

Gladness kaja saa nne. Kaja na rula, penseli, rangi, na kindoo cha mtindi kutoka kwa mama yake. Mama kasema kampelekee yule mwalimu anayekulea kazini. Anayekulea! Nilipokea kwa mikono miwili.

Annet kamkimbilia hadi getini. Wiki nzima hii hajacheka, leo kacheka.

Wamekaa sebuleni, karatasi kubwa mezani. Gladness anachora, Annet anapaka rangi. Dawati limetoka kama picha. Watoto watatu wamekaa, kopo katikati, daftari chini. Mtoto wa katikati kachorwa na nywele za Annet. Kopo kalichora la bluu, kama langu, sio jeupe kama lake. Sikumwambia afanye hivyo.

Alipomaliza akachora mstari juu kabisa, mahali pa kichwa cha habari. Chini yake mstari mwingine mfupi. Akaniangalia, uso hauna hasira, hauna chochote, mtu anayeuliza tu: "Hapa pa mwenye wazo, dada, niandike nani?"

Annet akaacha kupaka. Akasubiri na yeye.

Nikasema ngoja kwanza. Nikasema penseli inafutika, hiyo ni karatasi ya semina, iandikwe kwa kalamu ya wino. Naenda kuchukua chumbani.

Nipo chumbani. Nimekaa kitandani na shajara hii magotini, ni kama robo saa sasa. Nawasikia. Annet anamwambia kitu kwa sauti ya chini, Gladness anasema hapana, usiandike wewe, mwache mama.

Kalamu ninayo mkononi.