Gari Ninaloendesha Kangeta

Kangeta,
Jumapili, 14 Julai 2024.
Leo ni miezi minane na siku tatu tangu nitoke nyumbani.

Kwako mdogo wangu Wamuyu,

Pokea salamu nyingi za kaka yako. Mimi ni mzima, isipokuwa mikono iliyopasuka kwa simiti na bega la kulia ambalo linanipigia kelele kila nikiinua jiwe. Natumaini Mama ni mzima, mbuzi ni wazima, na ndengu zimevunwa kabla ndege hawajazimaliza. Na mgongo wako je? Bado unakaa juu ya lile kreti la soda ukishona? Ukinijibu, anza na mgongo, kwa sababu utaona mbele kwamba mgongo wako umo katika habari hii.

Usishangae kwamba sikupiga simu. Simu ya Mama huwekwa kwenye spika hata kama anayepiga amekosea namba, na ninayotaka kusema si ya kusikiwa na Kiritiri nzima. Barua hii anaileta Runji, utingo ambaye kesho lori lao linapita huko. Isome ukiwa peke yako, kisha umwambie Mama polepole, akiwa amekaa.

Nilipata ujumbe wako wa harusi. Nimefurahi sana kwamba wewe na Gedion mmepata tarehe 17 Agosti. Umesema Mjomba Munyi atatoa lile gari lake jeupe, na kwamba dereva hatafutwi, kwa sababu kaka yako ni dereva. Umesema pia Mama amekwisha kutangaza kanisani kwamba bibi harusi ataendeshwa na kaka yake mwenyewe, kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kanisa, kwa ule mteremko wa mtoni. Ujumbe huo niliusoma mara nne nikiwa nimesimama ndani ya mtaro. Kabla sijakujibu, wacha nikueleze gari ninaloendesha huku ni la namna gani.

Tajiri wangu anaitwa Mzee Kobia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa dereva wa pikapu za miraa. Aliondoka Maua jogoo akiwa bado amelala, akafika Nairobi watu wakinywa chai ya kwanza. Anasema katika miaka hiyo yote hakugonga hata kuku. Kisha mwaka juzi akaanguka kutoka kwenye mparachichi wake mwenyewe, akaumia nyonga, na daktari akamkataza kuendesha. Hakukubali. Alikuwa anatorokea sokoni na kujipachika kwenye pikapu za watu, na mkewe, Mama Joyline, anaitwa kuja kumtoa kama mtu anayetolewa kwenye baa. Mimi ananiita Muguka, kwa sababu ya majani ya kutafuna ya kwetu, ambayo anasema ni chakula cha mbuzi na hayawezi kusimama karibu na miraa yao. Nimezoea. Hata mbwa wake sasa akisikia Muguka ananitazama mimi.

Mwezi wa tano, binti yao Joyline, ambaye anafanya kazi ya kompyuta Nairobi, alimletea baba yake usukani, pedeli tatu na gia. Usidhani ni vya gari. Ni vya mchezo. Unavichomeka kwenye mashine, mashine unaichomeka kwenye runinga, na barabara inatokea na magari ya mashindano. Joyline aliona heri baba yake akimbie akiwa ndani ya nyumba.

Siku ya kwanza walifunga usukani kwenye meza ya chakula, pedeli wakaziweka sakafuni, Mzee akakaa kwenye kiti cha plastiki. Alipokanyaga breki, pedeli ziliteleza zikaingia chini ya kabati, naye na kiti chake wakarudi nyuma hadi ukutani. Kwenye kona ya pili meza ilimfuata pamoja na chupa ya chai. Baada ya dakika kumi nyonga ikauma, akasema hilo si gari, ni punda.

Joyline akampigia mama yake simu, akamwambia amtafute fundi amtengenezee mzee kokpiti. Mama Joyline akaniletea neno hilo kama alivyolisikia, mbio mbio, akienda kukamua. Wamuyu, mimi shule niliachia darasa la saba. Nilisikia kuku, nikasikia piti. Mashimo ya vyoo nimechimba hapa mawili, na yote wanayaita piti. Nikaona hili la tatu ni la mavi ya kuku. Nikaenda nyuma ya banda la kuku nikachimba tangu asubuhi hadi saa saba. Nilikuwa nimefika kiunoni Mzee alipokuja na mkongojo wake, akachungulia, akaniuliza namzika nani.

Alipokwisha kucheka alinieleza kwamba kokpiti ni pale dereva anapokaa: kiti, usukani, pedeli, kila kitu kikiwa mahali pake. Alinipa kazi hiyo na kuniondoa kwenye mawe kwa muda. Tulienda Maua kwenye gereji ya magari yaliyokufa kutafuta kiti. Alikalia viti sita, amefumba macho. Cha saba, cha Hilux iliyozeeka, alisema makalio yake yamekitambua.

Fremu niliitengeneza kwa mbao za mukima. Ya kwanza ilikuwa imesimama mno, nyonga ikauma. Ya pili ililala mno, miguu ikafa ganzi, na Mzee akasema fundi wa muguka ameonekana. Jioni hiyo nilikaa chini nikaanza kukufikiria wewe, jinsi unavyojitengeneza ukitaka kushona gauni refu. Unaweka tofali chini ya kisigino. Unakunja leso na kuichomeka nyuma ya kiuno. Cherehani umeiinua kwa vipande viwili vya mbao ili shingo isiiname. Nikajiuliza, kwani cherehani si gari? Mguu kwenye pedeli, mikono mbele, macho mbele.

Asubuhi nikabomoa na kuanza upya. Pedeli niliziinua na kuziinamisha kidogo, kisigino kipate pa kupumzika. Nyuma ya kiuno nikashonea mto mdogo wa leso ya Mama Joyline. Usukani niliushusha hadi viwiko vikalegea, na runinga nikaivuta karibu, kimo cha macho. Halafu pedeli na kiti nikavifunga kwenye mbao zilezile. Sasa Mzee akikanyaga breki, hakuna kinachoweza kumkimbia, kwa maana amekikalia.

Lakini kabla ya hapo, ili nipate vipimo, ilibidi nimpime Mzee mwenyewe. Tulikuwa barazani kwa sababu ya mwanga. Alijilaza kwenye ile fremu, mikono kifuani, mimi nikawa nampima kwa uzi kutoka nyonga hadi kisigino, nikitia mafundo. Fremu yenyewe ilikuwa ndefu, nyembamba upande wa miguu, na nilikuwa nimeipiga randa vizuri. Ndipo akapita Nelius, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, na sukuma wiki zake kichwani. Alisimama kwenye lango. Aliitazama fremu, akautazama uzi. Aliondoka haraka hata sukuma moja ikaanguka.

Jumatano walikuja wanawake kumi na wanne, na sukari, na unga, na maziwa, na kuni, wakiimba wimbo wa taratibu. Nelius alimkumbatia Mama Joyline akamwambia Mungu ndiye anayejua, sasa Mzee amepumzika. Mama Joyline, ambaye alidhani habari za kiti zimeenea, akajibu kwamba kweli amepumzika, tangu Jumatatu halalamiki hata kidogo. Wakamwuliza yuko wapi. Akasema yuko chumba cha nyuma, amelala sawasawa na vile fundi alivyompima, na wakitaka wanaweza kwenda kumwona. Basi wakaanza kulia kwa sauti. Mimi nilikuwa pale na nyundo mkononi, na kila mmoja aliyenipita alinipa pole.

Kabla hawajafika mlangoni, mle chumbani gari lilinguruma, na marehemu akapiga kelele: "Toka barabarani, wewe muguka!"

Wanawake wawili walikimbia na kuni zao hadi barabara kuu. Mmoja alikaa chini palepale. Nelius hakukimbia, nasema ukweli, yule mama ana moyo. Alifungua mlango, akamkuta Mzee amevaa glavu, jasho linamtoka, amemaliza wa tatu. Alimwambia aibu imshike, mtu mzima kupimwa jeneza kwa mchezo, na kwao Meru jambo hilo huita kifo. Mzee akamwambia kama hiki ni jeneza basi ajaribu kulikalia. Chai ilipikwa kwa sukari ya matanga, na mwenyekiti akakalia. Alianza saa tisa. Ng'ombe wake walilia hadi watu wa kwake wakaja kumwita, naye anasema fundi, hebu sogeza kiti mbele kidogo, miguu yangu ni mifupi. Tangu siku hiyo kikundi cha maombi hukutana kwa Mzee Kobia.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika.

Wamuyu, ile picha niliyomtumia Mama mwezi uliopita, mimi nimeshika usukani na nyuma ya usukani kuna barabara, hilo ndilo gari. Halina magurudumu. Nilikuwa naijaribu kokpiti, Mama Joyline akanipiga picha kwa simu yangu, na nilipoitazama nikajiona nimependeza. Barabara hiyo ni runinga. Mama aliponiuliza kama ni ya Maua, nilisema ndiyo. Aliponiuliza kama ule mlima wenye theluji ni Mlima Kenya, nilisema ndiyo pia, na huo mlima hata mimi sijui ni wa nchi gani.

Wala uongo haukuanza na picha. Nilipotoka nyumbani nilimwambia Mama nakwenda kuwa dereva. Yule aliyeniahidi gari alikuwa amempa shemeji yake kabla sijafika. Jumatatu ya kwanza nilibeba mawe, na nimebeba mawe hadi ilipokuja kazi ya kiti. Kila Mama akipiga simu huniuliza gari liko vipi, nami nasikia watu wanavyonyamaza kwenye ile spika wakingoja jibu. Nikawa nasema liko sawa.

Nilidhani nitajifunza haraka kwa ile mashine, nije nikuendeshe, na uongo ugeuke ukweli bila mtu kujua. Nimejifunza majuma matatu, kila nikitoka kazini. Kuna mteremko mmoja mle wenye kona, na chini yake kuna ziwa. Nimeingia ziwani mara ishirini na sita. Mzee anasema nakanyaga breki kama mtu aliyekanyaga nyoka. Mara ya ishirini na sita nilipozama, niliufikiria ule mteremko wetu wa mtoni, na wewe umekaa nyuma na gauni jeupe, na Mama kando yako anaimba. Nikazima mashine.

Nilimweleza Mzee yote. Alicheka hadi akaomba ule mto wa kiuno. Kisha akaacha kucheka. Aliniambia yeye miaka ishirini na miwili alibeba majani tu na bado aliogopa, na kwamba hatanifundisha, kwa sababu siku ya kumbeba bibi harusi si siku ya mtu kujifunza. Akasema Maua nzima imejaa watu wa kuendesha, lakini tangu aanguke ni mimi tu niliyeweza kumkalisha saa mbili bila maumivu. Akasema, "Wewe Muguka, kazi yako ni kukalisha watu. Nenda ukaseme hivyo kwenu."

Basi nasema. Mwambie Mjomba Munyi aendeshe gari lake mwenyewe. Mimi nitakaa nyuma nikushikie gauni lisikanyagwe. Naomba unisamehe kwa aibu utakayopata kanisani, na wakikucheka, waambie wanicheke mimi, nitakuwa pale mbele yao. Kwa Mama usiniombee msamaha. Hilo nitalifanya mwenyewe nikifika.

Zawadi yangu ni hii. Lile gogo la mukau alilokata Baba, lililo nyuma ya zizi la mbuzi, mwambie Mama asilichome. Nitakutengenezea kiti cha cherehani, na pa kuweka kisigino, na mto wa kiuno, ukae nacho kwako kwa Gedion, na lile kreti likarudishwe dukani. Nitakuja na uzi wa kukupimia. Tutapimia ndani, mlango umefungwa, majirani wasije na sukari.

Na ile picha aliyoitundika Mama ukutani, sijui mtafanya nini nayo. Mkitaka iteremsheni. Mkiiacha, mtu akiuliza, mwambieni barabara si yangu, gari si langu, lakini kiti hicho nimekitengeneza mimi.

Mzee Kobia anakusalimu. Anatuma kitita cha miraa kwa wazee wa Gedion, ili, anavyosema, waonje majani ya watu. Mama Joyline na Nelius wanakuombea. Msalimu Gedion, msalimu Mjomba, na umshike Mama mkono kwa niaba yangu kabla ya kumwambia.

Mwisho wa mwezi namaliza zizi la ng'ombe la Mzee. Nitafika nyumbani Jumamosi, tarehe 3 Agosti, nikiwa abiria.

Ni mimi kaka yako,
Kivuti.