Dakika Tano Mbele ya Majaji

Manundu, Korogwe
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mguu uliokuwa ukivimba umepata nafuu. Mvua za huko Mkata zimeshika, au bado mnatazama mawingu? Mimi sijambo kwa mwili. Nimeandika kwa sababu nina neno ambalo nisingeweza kulitamka huku nikiisikia sauti yako. Tafadhali soma mwenyewe, usimpe mdogo wangu Hussein akusomee.

Nilikuambia nimechaguliwa kwenye mashindano ya wafanyabiashara wadogo, nikaieleze biashara yangu ya unga wa muhogo. Sikukuambia kwamba Grasiana, niliyeianza naye tukiishi chumba kimoja, aliolewa mwezi wa pili akahamia Dindira. Tangu hapo naishi peke yangu. Kuna siku neno langu la kwanza hutoka saa nane mchana, mteja akija kuuliza bei.

Mkufunzi wetu, Godlisten, alisema kila mmoja atapewa dakika tano, na tufanye mazoezi mbele ya watu wa nyumbani. Mimi nilisimama mbele ya viroba vya makopa ya muhogo mkavu, simu ikihesabu dakika. Jirani yangu Edna alikuja kunisikiliza mara moja, akaitwa na mwanawe kabla sijafika katikati. Kesho yake akanisifu kwamba nilimaliza vizuri.

Godlisten aliponisikia alitikisa kichwa. "Kudra, maelezo yako ni safi," akasema, "lakini hujatuambia wewe ni nani. Majaji watakusahau kabla hujakaa."

Nikarudi chumbani kutafuta cha kusema. Hapo ndipo nilipopotea, Mama. Nilisema kazi hii ya kumenya, kuanika na kusaga muhogo niliachiwa na marehemu mama yangu. Nilikuzika ukiwa hai ili watu wanikumbuke. Mara ya kwanza nilitamka tu nisikie inavyokaa mdomoni. Nilipoirudia siku kumi, nikaanza kulia machozi ya kweli, kama niliyefiwa. Wiki ile ulipiga simu mara tatu. Niliitazama ikiita, nikaogopa kupokea.

Siku yenyewe niliyasema hayo hayo mbele ya majaji. Nikawa wa kwanza, nikaahidiwa mashine ya kusagia. Jaji mmoja, mama wa makamo, alinishika mikono yote miwili akanipa pole, akasema naye amemzika mamake mwaka huu. Nilimwitikia, "Asante, tumeshapoa." Tangu siku hiyo chakula hakipiti, na sina wa kumweleza.

Ijumaa ijayo wanakuja kunikabidhi mashine, na yule mama atakuwepo. Nimeamua kusema ukweli mbele yao wote. Wakiondoka na mashine yao, ni haki yao. Wewe sikuombi unisamehe kwa karatasi. Nakuomba uje. Abdulaziz, kondakta aliyekuletea barua hii, nimeshamlipa nauli yako; atakushusha stendi Ijumaa hiyo nami nitakuwa nimesimama pale tangu asubuhi. Ukiona huwezi kunitazama usoni, nitaelewa, nitawakabili peke yangu. Lakini ukija, sitahitaji dakika tano. Nitakushika mkono niwaambie, "Huyu ndiye mama yangu."

Nisalimie Hussein na Bibi, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,
Kudra