Ngome Tuliyoiacha Ilongero

Elia, rafiki yangu,

Juzi tulianua matanga nyumbani kwako Ilongero. Ukoo ulikaa, ukagawa vitu vyako. Koti amechukua kaka yako, baiskeli imekwenda kwa mdogo wako wa Kinyangiri, na kompyuta amepewa binti yako Neema, anayeanza chuo Jumatatu. Fundi atakuja Ijumaa kufuta kila kilichomo ili iwe nyepesi. Neema akaniambia, "Baba mdogo, baba alisema mchezo wenu usiguswe mpaka uje. Basi njoo umalize."

Kwa hiyo jana mchana nilikaa kwenye kiti chako, nikaufungua. Ngome yetu ya Kijapani iko kilimani, paa juu ya paa. Adui ameizunguka pande tatu. Wakulima hawana chakula. Zizini wapo kondoo kumi na wanane, wazima wote.

Miaka minne tumecheza vita hivyo vya kale. Wewe ndiye bwana wa samurai, umeshika kipanya. Mimi waziri wako, nimeshika daftari. Kila anayecheza mchezo ule anajua kwamba kondoo wa mwanzo ni wa kuchinja, ili wakulima wapate kula, wakate miti na kujenga. Wewe uliwafungia. "Mfugaji gani wa Kinyaturu anaanza maisha kwa kuchinja? Subiri wazae." Nilikuonyesha kwenye maelezo kwamba kondoo wa kompyuta hawazai. Ukasema aliyeandika hayo hajawahi kufuga. Tukashindwa, tukarudia, tukashindwa tena. Samurai wetu walikuwa hodari, wamevaa vizuri, wana njaa. Nikilalamika unanijibu, "Lakini boma lina mifugo, Waziri."

Jana niliwachinja wote. Wakulima walikula, wakajenga ukuta, na baada ya saa mbili adui akarudi nyuma. Tumeshinda, Elia, kwa mara ya kwanza. Nilitazama kioo cha kompyuta muda mrefu na sikusikia furaha yoyote. Nilikuwa nimechoka tu. Nimechoka tangu mazishi, na usingizi hausaidii.

Neema alitoka jikoni, anafuta mikono. "Mmeshinda?" Nikamwambia tumeshinda. Akakaa kwenye mkeka. "Baba alikuwa anakusubiri kila Jumamosi. Anasema ngome haiwezi kupigana bila waziri. Ulibanwa na kazi, eeh, baba mdogo?"

Nikasema ndiyo.

Naandika sasa ili habari ikae sawa. Jumamosi ya kwanza niliyokosa nilikuwa Manyoni, kwenye mkutano wa wakulima wa alizeti. Hiyo ni kweli. Ya pili mhariri alinirudishia habari niiandike upya. Nilimaliza saa saba, ningeweza kuja, sikuja. Ya tatu sikuwa na kazi. Pikipiki ilikuwa mlangoni, ina mafuta. Shemeji alikuwa amenipigia asubuhi, akasema umekonda, huwezi kukaa bila mto mgongoni. Nikakata simu. Nikakuandikia ujumbe kwamba niko kazini, nje ya mji. Ukajibu, "Sawa Waziri, ngome inashikilia."

Jumanne iliyofuata ukafa.

Niliogopa kukuona. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta. Nimekaa sebuleni kwa wafiwa wengi na daftari mkononi, nikawauliza mara ya mwisho walimwona lini mtu wao, nikaandika majibu yao. Mimi mwenyewe nikiulizwa swali hilo, jibu ni zaidi ya wiki tatu kabla hujafa. Na binti yako aliponiuliza, nilimdanganya nikiwa nimekaa kwenye kiti chako.

Kesho ni Ijumaa. Nitafika Ilongero kabla ya fundi. Sitamwomba Neema auache mchezo. Anahitaji kompyuta, na wewe ungesema hivyo hivyo. Nitamwita yeye na mama yake, nitawaeleza Jumamosi ya tatu kama nilivyokueleza hapa, bila kupunguza. Wakinifukuza, nitaondoka. Wakinyamaza, nitakaa. Hilo ndilo ninaloweza kukuahidi.

Nenda salama, ndugu yangu. Ulinisubiri vizuri kuliko nilivyostahili.

Hamisi