Kucha za Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha uani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pumzi zipo na magoti hayakusumbui. Wifi yangu hajambo? Na watoto wameshapona mafua? Waambie shangazi yao anawapenda, ingawa kwa sura hawamjui.

Mimi ni mzima, kwa maana kwamba bado nasimama. Kazini nipo palepale kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka ya hoteli, saa tisa kwa siku, mvuke usoni na sakafu ngumu chini. Nikirudi jioni soksi nazivua kwa kuzibembeleza.

Barua hii anakuletea yule mwenzako wa kambini aliyekuja likizo. Anaruka kesho. Simu sikutaka, maana Baba husikia hata kinachonong'onwa uani, na haya ya leo kwa mdomo yasingenitoka.

Kwanza ukucha wako. Umeandika kwamba wa kidole gumba umekuwa mweusi, umeinuka, mbio zimebaki siku nane, na Baba amekuambia kwenye simu uung'oe yaishe. Usiung'oe. Nasema tena usiung'oe, hata akikupigia mara saba. Kama damu imejaa chini yake na inapwita, nenda kwa daktari wa kambi autoboe kwa sindano safi, damu itoke, ukucha wenyewe ubaki palepale ulinde nyama. Hizo nyingine zikate zinyooke, usizichonge pembeni kama za bibi harusi. Na ununue viatu vinavyokuachia nafasi mbele. Kaka, una mvi kwenye ndevu na bado unavaa viatu vya kubana kwa sababu Baba alisema mguu usicheze ndani.

Sasa habari yenyewe, na naomba ukae kitako. Ijumaa hii Baba anakatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Amenikataza nisikuambie mpaka umalize mbio zako. Mimi nakuambia, na nakuambia na aliyemfikisha hapo. Ni mimi.

Asubuhi ya mchujo wa kuingia kambi ya wakimbiaji unaikumbuka. Usijifanye umesahau, kwa sababu wewe ndiye uliyenishika kifundo cha mguu. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale jikoni, Baba akatoa koleo kwenye mkebe wa vifaa vya baiskeli, akalifuta kwa kitambaa cha vyombo. Ukucha wangu ulikuwa mweusi kama huo wako, lakini ulikuwa bado umeshika. Nilipopiga ukelele hakuniangalia usoni. Alisema, "Kelele hazipunguzi sekunde." Wewe uliangalia ukutani na mkono hukulegeza.

Nilikimbia mizunguko ishirini na mitano kiatu kikijaa damu. Walichukuliwa watatu, nikawa wa nne, tena kwa hatua moja. Miaka kumi na moja sasa Baba anawaambia watu kwamba miguu nilikuwa nayo, ila moyo sina. Wewe ulichukuliwa mwaka uliofuata, ukaenda zako. Sikulaumu kwa kwenda. Nakulaumu kwa ule mkono.

Tangu Mama atutoke mimi ndiye ninayemwosha miguu kila Jumapili, maana kuinama hawezi tena. Kisukari chake unakijua, lakini haya huyajui. Kuanzia mwaka jana alianza kukanyaga vitu bila kusema lolote. Alikanyaga kipande cha chupa uani, nikaona damu sakafuni kabla yeye hajaiona. Maji ya moto yalimmwagikia, akaendelea kusoma gazeti. Na sisi tukamsifu. Fundi cherehani wa jirani alimwita chuma cha pua, Baba akafurahi wiki nzima. Ukoo wetu ndivyo tulivyo, mtu asipolalamika tunamwona shujaa, hata hatumuulizi kama yu hai. Muuguzi wa zahanati aliniambia miguu ile imekufa ganzi, nisiiguse kwa wembe wala mkasi, nimpeleke kwao wamkate wao. Nilimwitikia tu. Moyoni nilijua Baba anasikia maumivu kama mtu yeyote, ila ni kiburi.

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza fundi cherehani alikuja kumwamkia. Baba akamsimulia tena habari ya mchujo, mimi nikiwa nimepiga magoti mbele yake na beseni. Akasema huyu wangu alishindwa kwa ajili ya ukucha mmoja, wakacheka wote wawili. Fundi alipoondoka niliutoa mguu wa kulia majini, nikauona ukucha wa kidole gumba. Mweusi, umeinuka upande mmoja. Na yeye, mzee wa miaka sabini na mbili, bado anavaa viatu vya kubana.

Nilikwenda kuchukua koleo. Lipo mahali palepale.

Sitakudanganya kwamba shetani alinipitia. Nilimchukia, Kaka, na nilikuwa nimetulia. Nilitaka kumsikia akilia mara moja tu, halafu nimwambie maneno yake mwenyewe. Nilikuwa nimeyaweka tayari mdomoni. Nikaubana ukucha, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, ukatoka mzima na nyama yake.

Baba alikuwa anapuliza chai. Akanywa funda moja, akaniuliza, "Umeshaanza?"

Nilikaa na lile koleo mkononi sijui niliweke wapi. Ndipo nilipojua kwamba muuguzi alisema kweli. Nilimjibu kwamba nimemaliza. Nikamfunga kitambaa, nikamvalisha soksi, ule ukucha nikautupa chooni. Nilipaswa kumpeleka zahanati siku ileile, lakini wangeniuliza imekuwaje. Kwa hiyo nilingoja. Nilingoja wiki tatu, Kaka, nikimwosha kwa maji ya chumvi, mpaka harufu ikafika sebuleni na weusi ukapanda hadi kwenye kifundo.

Hospitalini, daktari wa upasuaji alimuuliza kidonda kilianzaje. Baba akasema ni viatu. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na mkoba wa nguo zake, nikaitikia kwa kichwa. Daktari akamwambia ana bahati kuwa na binti wa kumtunza. Wametupa ruhusa tulale nyumbani mpaka Alhamisi, kitanda kikipatikana tuingie.

Ukiniuliza kama najuta, najuta kwa ajili ya mguu. Kwa ajili yake yeye sijui. Usiku wa kwanza baada ya kuambiwa nililala vizuri kuliko nilivyolala kwa miaka. Sina wa kumwambia zaidi yako, na wewe nakuambia kwa sababu mikono yako nayo imo.

Shangazi anakusalimu. Amehamia hapa tangu Jumatano, anapika, analia, anapika tena. Fundi cherehani anakusalimu pia, ameanza kukata miguu ya kulia ya suruali za Baba bila kutumwa na mtu. Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Limebaki moja. Leo baada ya chakula Baba aliniita chumbani. Alikuwa ameunyoosha mguu wa kushoto juu ya kigoda, ule mzima, kucha zimerefuka. Alisema hataki kuingia chumba cha upasuaji kama mtu asiye na watoto.

"Nikate wewe kabla hatujaenda," akaniambia. "Una mkono mwepesi. Mara ile hata sikusikia."

Nilimjibu, ndiyo Baba. Niliutazama mkono wangu, haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha. Nimemwambia Alhamisi asubuhi. Ziache hizo mbio, Kaka. Panda ndege, uje umkate wewe.

Mungu akutangulie njiani, akufikishe kabla ya Alhamisi.

Mdogo wako akupendaye.